Hedifoni zisizo na waya: Tuzikataze au tuzitie adabu?

  

Mwezi wa Julai, baada ya Swala ya Ijumaa, mzee mmoja mkulima wa huku kwetu Lukozi alitungoja mlangoni pa msikiti mpaka watu wakapungua. Tulidhani ana jambo la mirathi, kwani hilo ndilo liwafanyalo wazee wengi wangoje wenzao waondoke. Hakuwa nalo. Alituuliza kwa sauti ya chini: "Shehe, mtoto akiyafunga masikio yake kwa makusudi ili asimsikie baba yake, huyo si ameasi?" Tukamwuliza ameyafunga vipi. Akainua viganja vyake viwili, akayafunika masikio yote mawili juu ya kofia yake ya sufi, akasema: "Hivi. Tangu asubuhi mpaka jioni. Nimemwita mara tatu tukiwa shamba moja la viazi, hakugeuka. Nilipomrushia donge la udongo ndipo akageuka, naye anacheka."

Alichokuwa akituonesha kwa viganja ni zile hedifoni zisizo na waya zenye kinanda chake ndani kwa ndani, ambazo vijana wetu huziita hedifoni za memori. Wasomaji walioko mijini wamekwisha kuzizoea, lakini wazazi wengi wa vijijini huziona kichwani mwa watoto wao bila kujua ni kitu gani, na mtu hawezi kukihukumu asichokijua. Basi natuanzie hapo.

Ni pete ya plastiki ipitayo utosini, yenye vikombe viwili vya kufunika masikio. Haina waya, wala haihitaji simu. Ndani ya kikombe kimoja mna betri ndogo ya kuchaji, mna kipande cha mtambo kinachosoma nyimbo, na ubavuni mna ufa mwembamba wa kutumbukizia memori kadi. Kadi yenyewe ina urefu wa milimita 15 na upana wa milimita 11, haiuzidi ukucha wa kidole gumba cha mtu mzima. Ilitoka mwaka 2004 kwa jina la TransFlash, na ndiyo maana hadi leo utaona herufi TF pembeni mwa ufa ule. Mwaka uliofuata ikaitwa microSD. Kadi ya gigabaiti 2 tu, ambayo siku hizi ni ya kudharauliwa, huweza kuubeba Msahafu mzima uliosomwa kwa tartili, tangu Al-Faatiha hadi An-Naas. Chombo hakichagui. Ukikitilia Qur'ani kitasoma Qur'ani, na ukikitilia matusi kitatukana.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa Walkman yake ya kwanza, kinanda cha kaseti cha kutembea nacho, chenye spika nyepesi za masikioni. Mkuu wa kampuni, Akio Morita, alikijaribu nyumbani kwake, na ameandika mwenyewe kwamba mkewe alikereka kwa kuhisi ametengwa. Morita akaamuru kile chombo kiwe na matundu mawili ya kuchomekea, ili watu wawili wasikilize pamoja, na kikawekwa kitufe cha rangi ya machungwa ambacho ukikibonyeza muziki unapungua na maikrofoni inakuletea sauti ya mwenzio. Tunaomba msomaji alitafakari hilo. Mtengenezaji wa kwanza kabisa, asiyekuwa Mwislamu wala hakusoma kitabu chochote cha fiqhi, alihisi kwamba kusikiliza peke yako mbele ya watu kuna utovu wa adabu ndani yake, akatafuta dawa. Matoleo yaliyofuata yaliiacha dawa ile, kwani ilionekana kwamba wanunuzi walitaka kila mmoja chake.

Kisha vikaja vinanda vya MP3 mwaka 1998, vikafuata simu za kuingiza nyimbo, na mwaka 2009 Sony hiyohiyo ikatoa Walkman ambayo hedifoni ndiyo yenyewe kinanda, haina kisanduku cha kuweka mfukoni. Viwanda vya China vikaigeuza fikra ile kuwa bidhaa ya bei ya chini, ikapanda milima mpaka ikatufikia. Sisi tuliinunua yetu kwa shilingi elfu kumi na nane, na muuzaji akatuongezea kadi yenye nyimbo ndani yake. Habari ya kadi hiyo tutaifikia.

Zamani redio ilikuwa ya nyumba nzima. Aliyenunua redio kijijini alinunulia na majirani, na alipoiwasha kila mtu alijua anasikiliza nini, hata mkewe aliyeko jikoni akajua. Ilipokuja simu yenye spika za masikioni, angalau palikuwa na waya. Waya ule ulikuwa bendera: ukiuona unaning'inia kwenye shavu la kijana ulijua kwamba huyu hayupo, umshike bega kwanza ndipo umsalimu. Sasa bendera imeshushwa. Na huku kwetu, ambako mwezi wa Julai baridi humfanya kila mtu avae sweta na kofia la sufi hadi shingoni, hedifoni hukaa chini ya kofia na hakuna ajuaye. Kijana mmoja alitujibu kwa mzaha kwamba yeye huzivaa hata zikiwa zimekwisha chaji, kwa sababu hukinga masikio na baridi. Hatukuweza kumpinga, kwa kuwa ni kweli.

Kwa asiyeijua nchi yetu tuseme kidogo. Ukitoka mjini Lushoto ukapita Magamba, ukaendelea na safari, unaingia katika nchi ya miteremko. Mashamba ya kabichi, karoti na viazi mviringo yamening'inia kwenye mabega ya vilima, na nyumba ya jirani unayoiona kwa jicho waweza kuitembelea nusu saa nzima, ushuke bonde na upande. Ndiyo maana watu wa milimani huitana. Mama husimama uani akamwita mtoto aliyeko ng'ambo ya bonde, na mtoto huitika. Habari ya msiba huvuka mabonde kwa mdomo kabla simu haijapata mtandao. Na ukungu ukishuka, jambo ambalo kwetu halihitaji hodi, jicho huwa halina kazi tena. Tunaishi kwa sikio. Dereva apandaye na Fuso hupiga honi kabla ya kila kona, na aendaye kwa miguu au kwa boda boda hujibana ukingoni kwa kuisikia honi ile, si kwa kuliona gari. Asiyeisikia atakutana nalo.

Tuliona kwa macho yetu siku ya gulio wakati wa masika. Lori lilikuwa likirudi nyuma kwenda kupakia magunia ya kabichi, yale ya lumbesa, na tingo anapiga ubavu wa gari kwa kiganja, "Rudi, rudi, rudi!" Kijana mpakiaji alikuwa ameinama amelipa lori mgongo, anafunga kamba. Watu walipiga kelele upande huu na upande huu. Hakuinuka. Mwanamke muuza maharage ndiye aliyeacha ungo wake ukamwagika akamvuta kwa shati, na gurudumu likapita juu ya tenga la nyanya lililokuwa pale miguuni pake. Alipovuliwa kofia ilionekana hedifoni, bado inaimba. Alitoka na kidonda cha goti na aibu. Al-hamdulillahi.

Ijumaa iliyofuata tulipanda mimbari tukazilaani hedifoni zile laana ya jumla. Tulisema ni pingu za shetani. Tulisema mzazi anayemwona mwanawe nazo na akanyamaza ameshiriki. Watu waliitikia kwa vichwa, na sisi tukashuka tumeridhika na nafsi zetu, hali ambayo mwenye kuhutubia anapaswa kuiogopa.

Jioni yake mwalimu wa madrasa ya wasichana alikuja nyumbani, akaketi, akatuamkia, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu kwamba mwanafunzi wake aliyehifadhi juzuu nyingi kuliko wote msimu ule alikuwa ni binti anayekata majani ya ng'ombe kila siku kwenye mteremko, na kwamba alihifadhi kwa hedifoni ya memori, akimsikiliza Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary aya moja mara ishirini hali mikono yake ina mundu. Baada ya hotuba yetu baba yake alikuwa ameivunja kwa jiwe.

Hatukuwa na la kusema. Tulimkumbuka huyo huyo al-Husary, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye mwaka 1961 sauti yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza kurekodiwa Msahafu mzima kwa tartili huko Misri, na mwaka 1964 Kairo ikafungua idhaa yake ya Qur'ani Tukufu. Nia ya kazi ile ilikuwa ni kuifikisha kisomo sahihi kwa asiyeweza kufika kwa msomi. Je, kuna asiyeweza kufika kwa msomi kuliko binti mwenye mzigo wa majani juu ya kilima? Tulimnunulia nyingine, tukaenda kwa baba yake tukamwambia kosa lilikuwa letu. Na ya pili tukaivaa sisi wenyewe, kwani tuliona ni haramu kukihukumu mara ya pili kitu tusichowahi kukigusa.

Tuliivaa siku tatu. Siku ya kwanza tulisikiliza Suratu Yusuf tukitoka nyumbani kwenda msikitini, na tunakiri kwamba tulipata ladha ambayo hatukuwa tumeipata siku nyingi: sauti imekaa katikati ya kichwa, hakuna gari, hakuna mbwa, hakuna mtu. Siku ya pili ni vivyo hivyo. Siku ya tatu tulifika msikitini, na bwana mmoja rafiki yetu wa tangu utotoni hakutupa mkono. Tulipomwuliza, alisema ametutolea salamu njiani mara mbili, mbele yetu kabisa, na tumempita kama jiwe. Tukamwonesha hedifoni chini ya kofia. Akasema, "Hilo nalijua sasa. Wakati ule sikulijua."

Msomaji ajue uzito wa hilo katika sheria. Kuanza kutoa salamu ni sunna, ama kuijibu ni wajibu. Na katika Suratun-Nisaa, aya ya 86, tumeamrishwa tukisalimiwa tujibu kwa iliyo bora zaidi au angalau iliyo sawa nayo. Bila shaka asiyesikia hana dhambi ya kutojibu. Lakini aliyejifanya asisikie, katika njia wapitayo watu, amejiondoa mwenyewe mahali ambapo wajibu ule ungemkuta. Na sisi tulifanya hivyo tukiwa tunasikiliza Qur'ani! Hapo ndipo tulipofahamu kwamba suala la hedifoni si moja, bali ni masuala matatu yaliyofungwa kamba moja: kinachosikilizwa, mahali kinaposikilizwa, na nguvu ya sauti yenyewe. Kosa letu mimbarini lilikuwa ni kuyapiga yote kwa fimbo moja.

La kwanza, kinachosikilizwa, ndilo ambalo watu hutuuliza zaidi, nasi ndilo tutakalolipitia kwa haraka zaidi. Khitilafu ya wanazuoni juu ya muziki ni kongwe. Wengi wa mafakihi wa madhehebu manne wamekataza ala, Ibn Hazm alizihalalisha, na Imamu Ghazali aliandika mlango mzima akiyapambanua mazingira. Hatutaifungua leo khitilafu ya miaka elfu katika safu ya gazeti. Lililo wazi kwa pande zote ni kwamba maneno machafu ni machafu, yawe na ngoma au yasiwe nayo. Na hapa ndipo tunapoirudia ile kadi tuliyoongezewa na muuzaji. Tuliifungua kwenye kompyuta ya mtoto wetu: mlikuwa na nyimbo mia nne na zaidi. Nyingine ni za mapenzi ya kawaida, nyingine ni kaswida, na nyingine hatutazieleza kwa kuwa gazeti hili husomwa na familia. Zote zimemiminwa pamoja kama mchele usiopembuliwa. Kijana hakuchagua hata moja. Alichaguliwa na mtu asiyemjua, aliyezinakili zote kwa mkupuo mmoja.

Na hao waimbaji hawakulipwa senti. Tanzania inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na kisheria wanaowaingizia watu nyimbo kwenye kadi kwa shilingi elfu moja vibandani wanauza jasho la mwingine. Tunashangaa kumwona mtu anayebishana usiku kucha juu ya uhalali wa zumari, ilhali hana wasiwasi wowote na uhalali wa wizi. Mzazi anayetaka kufanya jambo lenye faida na achukue kadi ya mwanawe, si kwa kumpokonya, akae naye jioni moja waifungue pamoja wapembue. Atajua mengi kuhusu mwanawe kuliko angeyajua kwa kumhoji.

La tatu tulitangulize kabla ya la pili, kwa kuwa ni la afya na halina ubishi. Ndani ya sikio mna chombo kilichojikunja mfano wa konokono, na ndani yake chembe hai zipatazo elfu kumi na tano zenye vinywele vidogo mno, ambazo hutikiswa na sauti na kuipeleka habari kwenye ubongo. Mwanadamu huzaliwa nazo, na zikifa hazioti tena. Sauti kubwa ya muda mrefu huziua. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kwamba vijana zaidi ya bilioni moja wa umri wa miaka 12 hadi 35 wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa namna wanavyosikiliza. Kipimo walichokiweka ni desibeli 80 kwa saa 40 za wiki kwa mtu mzima, na desibeli 75 kwa saa hizo hizo kwa mtoto. Hesabu yake inatisha kidogo: kila desibeli tatu zinapoongezeka, muda wa salama hupungua nusu. Basi desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10, na ukifika 101 umebakiwa na dakika zisizotimia 20 kwa wiki nzima. Kijana wa shamba anayezivaa kwa sauti hiyo tangu asubuhi mpaka jioni huimaliza posho yake ya wiki kabla ya chai ya saa nne ya siku ya kwanza.

Nchi za Ulaya zimeviwekea vyombo hivi kikomo na onyo. Hizi za bei ya chini zinazotufikia, ile tuliyoinunua sisi haikuwa na onyo lolote. Tuliipandisha mpaka mwisho tukaivua kwa maumivu. Wataalamu hushauri sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa chombo. Ambaye hana cha kupimia na afanye hivi: avae, awashe, mtu asimame mbele yake kwa urefu wa mkono mmoja aseme naye kwa sauti ya kawaida. Asipomsikia kabisa, apunguze. Na kijana anayesikia mlio masikioni usiku baada ya kuvua asingoje, ampelekwe hospitali.

Tumebakiwa na mahali, na hapo ndipo penye moyo wa jambo. Katika Suratul-Kahf, aya ya 11, Mwenyezi Mungu anapoeleza alivyowalaza wale vijana pangoni miaka mingi, hakutaja macho yao, ametaja masikio. Wafasiri wameeleza sababu: aliyelala jicho lake limekwisha kufumba, bali sikio ndilo mlango ubakiao wazi, na kwa huo huamshwa. Ukifungwa nao, mtu ameondoka duniani ingawa anapumua. Kwa hiyo anayeyafunga masikio yake amefanya jambo kubwa kuliko anavyodhani, na haifai alifanye barabarani, wala juu ya boda boda, wala kwenye lori linalopakia, wala katika ukungu. Hapo hatuna shaka wala hatuweki tofauti baina ya anayesikiliza Qur'ani na anayesikiliza mengineyo, kwani gurudumu haliulizi. Kuihifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sheria. Dereva wa boda boda aliyebeba mama na mtoto hali masikio yake yamefungwa amehatarisha nafsi zisizokuwa zake, na abiria ana haki ya kushuka.

Ipo hadithi aliyoipokea Abu Daud, naye mwenyewe akaitia dosari, ingawa wengine wameikubali. Ibn Umar (RA) alikuwa safarini pamoja na Nafi', akasikia zumari ya mchungaji. Akatia vidole masikioni, akaiacha njia ile, akawa anamwuliza Nafi' kila mara kama bado anasikia, mpaka Nafi' aliposema hasikii tena ndipo akatoa vidole. Watu wa kukataza ala huitumia hadithi hii, na watu wa kuruhusu hujibu kwamba mbona hakumwamuru Nafi' naye azibe? Sisi tunavutiwa na jambo jingine lililomo humo. Ibn Umar aliyafunga masikio yake, lakini hakujitenga na mwenziwe: alikuwa na mtu wa kusikia kwa niaba yake, na akawa anasema naye njia nzima.

Tulirudi kwa yule mzee wa viazi. Yeye aliliita jambo lile uasi, na pengine alikuwa akiwafikiria watu wa Nabii Nuhu (AS), waliotia vidole masikioni wasiusikie wito. Tulimwomba kwanza tuonane na kijana mwenyewe, kwa sababu kadhi hahukumu kwa kauli ya mdai peke yake. Kijana alikuja, ana miaka kama kumi na tisa, mpole, akatuamkia shikamoo na hedifoni zikiwa shingoni. Tulimwuliza anasikiliza nini. Akasema muziki wa kizazi kipya, mpira siku za ligi kwa kuwa zina redio, na mawaidha siku za Ramadhani. Tukamwuliza kwa nini hamsikii baba yake. Alitazama chini kwa muda, kisha akasema: "Shehe, baba akinisemesha shambani huwa ni kunikaripia. Jembe nalishika vibaya, tuta nimelipinda, mbegu nimeziweka karibu. Tangu nina miaka kumi. Nilipozivaa ndipo nikaanza kupenda kulima."

Wazazi wenzetu, hatukulitarajia neno lile. Tulikuwa tumejiandaa kumsomea kijana haki za wazazi, na haki hizo zipo, wala hatuzipunguzi hata chembe: kuitikia wito wa mzazi si jambo la hiari, na kumcheka baba yako aliyekurushia udongo kwa kuwa hukumsikia ni utovu wa adabu, tulimwambia hivyo na akakubali. Lakini tulijiuliza pia, ni sauti gani ambayo vijana wetu wanaikimbia? Katika milima hii shamba ndilo lililokuwa darasa. Babu zetu walitufundisha pale majina ya miti, mipaka ya koo, hadithi za Wakilindi na ufalme wao wa Vuga, methali za Kisambaa ambazo hazimo katika kitabu chochote. Mikono ilikuwa ikifanya kazi na mdomo unasimulia. Kama mdomo umebaki na makaripio matupu, mtoto atatafuta pa kujificha, na soko la China limemletea pa kujificha kwa shilingi elfu kumi na nane. Suratu Luqman, inayomfundisha mtoto kuwashukuru wazazi wake wawili, humo humo, katika aya ya 19, imo nasaha ya kuipunguza sauti. Na aliyeitoa nasaha ile ni baba akisema na mwanawe.

Tuliwakalisha pamoja. Hatukuivunja hedifoni wala hatukumpa kijana ruhusa ya kila mahali. Walikubaliana hivi: akiwa peke yake kwenye mteremko wa juu, avae, sikio moja likiwa wazi ili mama yake akiita kutoka ng'ambo amsikie. Akishuka barabarani au sokoni, zikae mfukoni. Akiwa tuta moja na baba yake, asizivae kabisa, na baba naye asimkosoe mpaka wapumzike kula. Kifungu hicho cha mwisho ndicho kilichomtoa mzee jasho. Alituuliza mara mbili kama ni sisi kweli tunaosema hivyo.

Ijumaa iliyopita tulionana naye tena mlangoni. Hajaridhika. Alisema tuta bado linapindwa, na kwamba kunyamaza mpaka wakati wa kula ni kugumu kuliko kufunga. Alisema pia kwamba kijana huzivua akimwona anakuja, lakini huzivaa tena akishampita. Tulimwambia hilo la kwanza alishike. Akacheka kidogo, akaiteremsha kofia yake ya sufi juu ya masikio kwa kuwa ukungu ulikuwa umeanza kushuka, kisha akakumbuka, akaipandisha tena.